Profesa Adija Mikdad, Aliyekwenda Kerege Kuomba Radhi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh, wazee wetu, majirani wa Dunda, ndugu mliofika kutoka Kaole na Kerege, walimu na wanafunzi wa chuo mliosafiri kutoka Dar es Salaam, leo Jumatano tarehe 11 Septemba 2024, kabla hatujamchukua dada yetu kwenda kumswalia, familia imenituma mimi, Ashrafu Mikdad, mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani wa hapa hapa Dunda, niwasomee habari za maisha ya Profesa Adija Mikdad Mwinyijuma. Tarehe na majina ya vyuo nimesaidiwa na Daktari Adila, aliyekuwa mwanafunzi wake na baadaye mwenzake kazini, na mengine nimeyaandika kwa mkono wangu, hivyo palipo na upungufu naomba mnisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958 katika nyumba hii mliyoketi mbele yake, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mikdad Mwinyijuma, aliyekuwa mshonaji wa kanzu, na marehemu Bi Lulu binti Kombo wa Kaole, mkulima wa mpunga na msusi wa mikeka. Alisoma chuoni Qur'ani akiwa mdogo na kuikhitimu akiwa na miaka tisa, akasoma shule ya msingi hapa Bagamoyo kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akachaguliwa kujiunga na Shule ya Sekondari ya Wasichana Jangwani, Dar es Salaam, ambako alimaliza kidato cha nne mwezi Novemba 1975.

Mwezi uliofuata, akiwa nyumbani anasubiri matokeo, baba yetu alipata kiharusi, akaanguka kwenye cherehani yake asubuhi akiwa na kanzu ya bwana harusi mkononi, na alipozinduka mkono wa kulia ulikuwa mzito na maneno yamempotea. Alikuwa akiutaka mkasi anasema, "Kile, kile, kile," mpaka machozi yanamtiririka, na watu wakaja na maneno yao, wengine wakisema ametupiwa kitu, wengine wakisema akili imekwisha, tumwache apumzike ndani. Dada Adija, msichana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyegundua kwamba baba huyo huyo asiyeweza kuutaja mkasi akianzishiwa Alhamdu huisoma yote bila kukwama, na akianzishiwa kuhesabu huhesabu. Basi akawa anamwekea futi mbele yake, anamwambia, "Baba, tuhesabu, ukifika kwenye urefu wa kanzu simama," naye baba anaanza moja, mbili, tatu, mpaka hamsini na sita, anasimama, anagonga meza kwa furaha. Kwa njia hiyo, na kwa kujifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, Mzee Mikdad alirudi kazini kabla ya Ramadhani ya mwaka uliofuata, akashona kwa miaka kumi na mitatu mingine, nami nimejifunza ufundi huu kwake katika miaka hiyo. Kila alipoulizwa na waandishi na wageni wa chuo ni nani aliyemwelekeza kwenye taaluma yake, marehemu alimtaja baba.

Alirudi Jangwani kwa kidato cha tano na cha sita, akamaliza mwaka 1978, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1979 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya elimu mwaka 1982, akiwa amejikita kwenye saikolojia. Alifundisha chuo cha ualimu kwa miaka minane, kisha mwaka 1990 akapata nafasi ya kusoma shahada ya pili Bergen, nchini Norwe, akarejea mwaka 1992, na kati ya mwaka 1997 na 2001 alisoma shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, akitafiti jinsi wasemaji wa Kiswahili wanavyopoteza na kurudisha lugha baada ya kiharusi. Taaluma yake inaitwa saikolojia tiba ya ubongo, na kwa sisi tusiokwenda shule sana alitufafanulia hivi, kwamba daktari wa upasuaji anautazama ubongo wenyewe, na yeye anatazama kile ambacho mtu anaweza na hawezi tena kufanya baada ya ubongo kuumia, anapima kumbukumbu, maneno, umakini na kupanga mambo, kisha anamtafutia mgonjwa njia ya kurudi kwenye maisha yake.

Tarehe 19 Julai 1986 marehemu alifunga ndoa na Mwalimu Bwanaheri Adamu, mwalimu wa hesabu hapa Bagamoyo, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Twalha, aliyezaliwa mwaka 1987 na sasa ni mhandisi wa maji Tanga, na Esha, aliyezaliwa mwaka 1993 na sasa ni muuguzi. Dada alipokwenda Cape Town, Esha alikuwa na miaka minne, na maneno yalisemwa mtaani, wapo waliomfuata shemeji yangu barazani wakamwuliza ni mke gani huyo anayekwenda kusoma na kuacha mume na watoto, naye akawajibu, "Mimi ndiye niliyemjazia fomu." Asubuhi moja jirani aliyekuwa akimsuka Esha alisafiri, Mwalimu Bwanaheri akachukua kitana akamsuka mwenyewe, mistari mitatu iliyopinda kama njia ya mbuzi, mtoto akaenda nayo shule, na picha yake ikatumwa Cape Town, ikakaa juu ya meza ya dada mpaka siku anatetea tasnifu yake. Shemeji, mbele ya watu hawa wote, familia ya Mzee Mikdad inakushukuru.

Aliporudi aliajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo cha tiba jijini Dar es Salaam, na kuanzia Januari 2004 alianzisha kliniki ya kila Alhamisi hapa Bagamoyo, katika chumba kimoja chenye meza mbili na feni isiyofanya kazi. Vipimo alivyokuwa navyo vilitoka Ulaya na Marekani, na aliporudi nyumbani jioni alikuwa akituchekesha kwa habari zake. Mzee mmoja alionyeshwa picha ya nyumba ya barafu, akaitazama sana, akasema, "Hili tanuri la chokaa, lakini aliyelijenga hajui kazi." Kwa mujibu wa karatasi, mzee yule alikuwa amekosa. Dada akaona hili haliwezi kuendelea, akatengeneza picha mpya na maswali mapya kwa Kiswahili, akawapima watu mia mbili na kumi na wanne ili ajue mtu mzima wa huku kwetu anatarajiwa kupata alama ngapi, na mwaka 2007 viwango vyake vikachapishwa katika jarida la kimataifa, akasifiwa, hospitali kadhaa zikaanza kuvitumia.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo baadhi yetu katika familia tulitaka niparuke. Mwezi uliopita, akiwa amelazwa, marehemu aliniambia, "Ashrafu, siku ukisoma habari zangu, usiruke ya Kerege." Nikamwambia, "Dada, watu husoma mema ya marehemu." Akanijibu, "Hiyo imo katika mema." Kwa hiyo ninaisoma.

Mwezi Machi 2008 aliletwa kliniki Bi Mwanajuma wa Kaole, mjane wa miaka kama sabini, aliyekuwa na shamba lake la minazi, jiko lake na wajukuu wanaomtegemea. Watoto wake walikuwa na wasiwasi, kwa sababu mara mbili alibandika chungu kikaungua, na mara moja aliacha mlango wazi mchana kutwa. Dada alimpima kwa vile vipimo vyake vipya, akamtaka achore saa, anakili maumbo, atoe saba katika mia na aendelee kutoa, Bi Mwanajuma akapata alama ndogo sana, na marehemu akaandika ripoti na kuitia sahihi kwamba mama huyu ana maradhi ya kusahau ya uzeeni. Watoto wake, kwa nia njema kabisa, walimhamishia Kerege kwa mwanawe mkubwa Adamu, kando ya barabara kuu, wakamkataza jiko, wakamkataza kutoka peke yake, shamba likasimamiwa na mtu mwingine, na kila alipotaka kusema jambo walimwambia, "Mama, wewe pumzika."

Alikaa hivyo kwa miaka miwili na zaidi. Mwezi Juni 2010 Adila, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, alitumwa kuwatembelea wagonjwa wa zamani majumbani, akamkuta Bi Mwanajuma uani anasuka ukili wa mkeka, akakaa naye mchana mzima. Aliporudi chuoni alimwambia mwalimu wake, "Mwalimu, yule mama amenieleza siku uliyompima, nguo uliyovaa, maswali uliyomwuliza kwa mpangilio wake, na amesuka ukili wa rangi saba bila kukosea hata ukindu mmoja. Aliyepoteza kumbukumbu hawezi kufanya hivyo." Dada yangu alikasirika. Ninasema kwa sababu Adila yuko hapa na amenipa ruhusa. Alimwambia, "Wewe una mwaka mmoja katika kazi hii, vipimo vile nimevifanyia miaka mitatu, usiniletee huruma ukaiita sayansi," na kwa siku tatu hakumsemesha.

Siku ya nne alifungua majalada yake. Katika wale watu mia mbili na kumi na wanne ambao viwango vyake vilisimama juu yao, walikuwa tisa tu ambao hawakuwahi kukaa darasani. Wengine wote walikuwa wamesoma, na yeye alikuwa amechukua kipimo chao akawapimia akina mama waliokuwa mashambani tangu utotoni. Alinipigia simu akiwa Dar es Salaam, akaniambia kitu kimoja tu, "Jumamosi nipeleke Kerege."

Nilikwenda naye, na niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu. Tulikaribishwa kwenye mkeka uani, watoto wa Bi Mwanajuma wakiwa wamekusanyika, kwa sababu dada aliomba wote wawepo. Akasema, "Shikamoo, Bi Mwanajuma." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Dada hakuzunguka. Alisema, "Nimekuja kukuomba radhi. Niliandika kwamba una maradhi ya kusahau, na sikuwa na haki ya kuandika hivyo. Nilikosea."

Bi Mwanajuma, mikono yake ikiendelea na ukili, akasema bila hasira, "Ulinipa kalamu, mwanangu. Tangu nizaliwe sijawahi kushika kalamu, nikawa naitetemekea ile kalamu hata maswali siyasikii."

Dada akamwuliza, "Na vile vyungu vilivyoungua?"

"Nilikuwa eda," akasema Bi Mwanajuma. "Mume wangu ana siku arobaini kaburini. Nabandika chungu, nasikia kama ananiita, natoka kwenda kumwitikia. Hukuniuliza habari ya mume wangu."

Nilimwona dada yangu, msomi wa Bergen na Cape Town, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio mbele za watu. Adamu, mtoto mkubwa, ambaye naye alikuwa ameumia, akasema kwa ukali kidogo, "Daktari, sisi mama tumemfungia kwa karatasi yako. Sasa tukuamini lini, siku ile au leo?" Dada akamjibu, "Msiniamini mimi. Mrudisheni Kaole, mrudishieni jiko lake, kaeni naye mwezi mzima, mtazame wenyewe. Na kosa hili lisiwe lenu, mlifanya alivyosema daktari, kosa ni langu."

Walimrudisha. Kabla ya mwezi kwisha Bi Mwanajuma alikuwa amegundua minazi minne iliyokatwa bila idhini yake na akajua ni nani aliyeikata. Huyo Adamu mwenyewe ndiye aliyempigia dada simu kumweleza, akicheka.

Dada hakuishia hapo. Wakubwa wenzake walimshauri asahihishe polepole katika makala itakayofuata, mtu asijue, kwa kuwa wakati huo huo alikuwa ameomba kupandishwa cheo. Yeye aliandikia lile jarida barua ya kuondoa viwango vyake, akaeleza kosa lilipo, akaandikia kila hospitali iliyokuwa ikivitumia, na cheo mwaka ule hakikuja. Kisha akatoa majina ya wagonjwa wote wasiosoma ambao aliwahi kuwaandikia ripoti, sitini na mmoja, na kwa Jumamosi za karibu miaka miwili tulizunguka, mimi, yeye na Adila, Kaole, Kerege, Zinga, Mlingotini, Mapinga, tukiwatafuta. Wengi ripoti zao zilikuwa sahihi, na kwa hao aliongeza ushauri. Ishirini na watatu ripoti zao zilikuwa na makosa, na kila mmoja alimwendea mwenyewe akaomba radhi kwake na kwa familia yake, na wanne aliowakuta wamekwishafariki aliwaombea dua na watoto wao. Mlango mmoja tulifukuzwa. Alirudi mara ya pili, na safari hiyo tulipewa kahawa.

Baada ya hapo kazi ilianza upya, na safari hii aliianzia kwa watu. Bi Mwanajuma na akina mama saba wa Kaole walikaa naye wakitafuta kwa pamoja vipimo ambavyo mtu asiyeshika kalamu anaweza kuvifanya, kukumbuka mpangilio wa rangi za ukili, kutaja hatua za kupika wali wa nazi kutoka kukuna hadi kupakua, kueleza njia ya kutoka kisimani hadi msikitini kisha kuirudia kinyume. Walipimwa watu elfu moja na mia mbili, nusu yao hawakuwahi kuingia shule, na swali la kwanza katika kipimo kipya, kabla ya swali lolote la kumbukumbu, ni hili, "Katika mwaka huu, umefiwa na nani?" Vipimo hivyo vilichapishwa mwaka 2016, safari hii jina la Adila likiwa mbele ya jina lake, na tarehe 1 Julai 2017 marehemu alitunukiwa uprofesa. Bi Mwanajuma aliishi Kaole, jikoni kwake, hadi alipofariki mwaka 2021, akili yake ikiwa timamu, baada ya kuwaoza wajukuu watatu, na dada yetu alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Katika miaka hiyo kliniki ya Alhamisi ilikua, ikapata vyumba vitatu na feni nzima. Wapo hapa waendesha bodaboda wa Dunda, na wanajua habari ya mwenzao Ishaka, aliyeumia kichwa mwaka 2013, akawa mwepesi wa hasira na anasahau abiria alikotaka kwenda, kijiwe kikataka kumwondoa. Marehemu aliwafuata kijiweni, akawaeleza kwamba hiyo si tabia mpya, ni jeraha lisiloonekana, akamfundisha Ishaka kurudia maneno ya abiria kwa sauti kabla ya kuwasha pikipiki na kushuka akae pembeni akihisi hasira inapanda. Leo Ishaka ana karakana ya pikipiki, ana mke na watoto wawili, na ndiye aliyeleta maturubai haya tuliyokaa chini yake. Marehemu pia aliwafundisha wanafunzi wa shahada ya pili thelathini na wanane na wa uzamivu sita, ambao sasa wanafanya kazi hii Mwanza, Mbeya, Dodoma na Unguja, mahali ambapo alipoanza hapakuwa na mtu.

Alistaafu tarehe 3 Aprili 2023, akaendelea kuja kliniki bila kulazimishwa na mtu. Ugonjwa wa moyo ulikuwa umegunduliwa mwezi Oktoba 2022, akatibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu, akalazwa tena Mei na Agosti mwaka huu, na wakati wote huo hakuacha kusahihisha kazi za wanafunzi wake kitandani, wala kuwauliza wauguzi habari za watoto wao. Jana Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, saa nne na robo asubuhi, akiwa nyumbani, amekunywa uji, mumewe akimsomea gazeti, aliomba ainuliwe mto, akashahadia, akatutoka. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu wawili. Tutamzika Kaole baada ya swala ya adhuhuri, ubavuni mwa mama yetu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi siku za mwisho, uongozi wa chuo na wafanyakazi wenzake waliokuja tangu jana, imamu na jamaa wa msikiti, majirani waliofungua milango yao na kupika tangu asubuhi, akina mama wa Kaole waliomwosha na kumsitiri, na watoto wa Bi Mwanajuma, ambao walifika kabla ya baadhi yetu ndugu.

Mwisho, kuna jambo nimeulizwa na watu wengi hapa mlangoni, wakiwemo wagonjwa waliopangiwa tarehe. Kesho Alhamisi tutakuwa bado msibani, lakini Alhamisi ijayo, tarehe 19, kliniki itafunguliwa saa mbili asubuhi kama kawaida, Daktari Adila atakuwepo na Esha atamsaidia mapokezi, hivyo kila aliyeandikiwa aje, na ambaye hakuandikiwa lakini ana mzazi nyumbani anayemtia wasiwasi, amlete, ataulizwa kwanza habari zake.

Dada Adija, umefanya kazi, umekosea, umerudi, umetengeneza. Mola akupokee kwa rehema, akupe nafasi kaburini, akulaze pema. Pumzika sasa, dada, sisi tupo.